Leseni Sita kwa Paa Moja

Mimi nina hasira, kijiji chetu kizima cha Ganda kinajua, na sioni haja ya kuficha. Mwaka juzi nilimrushia fundi mwenzangu nyundo kwa sababu alifunga fito kwa fundo la kufungia mbuzi. Haikumpata. Nilikusudia isimpate, ingawa yeye hadi leo hasadiki.

Naitwa Nelly, ila wengi huniita Mama Nzai, kwa jina la kifungua mimba wangu. Kazi yangu ni kuezeka makuti. Wanawake wengi wa kwetu hushona makuti wakiwa wamekaa chini, wanaume ndio wanaopanda nayo juu. Mimi nami nilianza chini. Kisha marehemu mume wangu Masha akanifundisha kupanda, na alipofariki nikabaki na ngazi zake tatu, mafundi wake wanne na wateja wake.

Wateja hao ndio walioanza kunikimbia. Si kwamba paa zangu zilivuja. Walianza kutaka michoro. Mwenye nyumba ya wageni kule Malindi ananiambia nimwonyeshe mchoro, namjibu mchoro uko kichwani, anacheka kwa adabu, na wiki inayofuata nasikia kazi amepewa Nicholas. Nicholas huyu ni mtu wa Kaloleni. Alikuja kwetu mikono mitupu, Masha akamfundisha kazi, nami nikampikia ugali miaka miwili. Siku hizi ni mkandarasi, anavaa viatu vilivyochongoka, na michoro yake anachorewa na mhandisi wa Mombasa. Mimi nilikaa miezi minane bila kupata paa hata la banda la kuku. Mafundi wangu wawili walikwishahamia kwake, na wawili waliobaki walikuwa wakiniangalia kwa macho ya kuaga.

Basi nikaenda chuo. Nilikuwa na miaka arobaini na saba nilipojiandikisha kwenye chuo cha ufundi cha karibu na kwetu kusomea uchoraji wa majengo. Wenzangu walikuwa wameanza Septemba, mimi niliingia Januari, wa sita katika darasa la watu sita, na wale watano wote ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu, Bi. Aaliya, ni mzaliwa wa mji wa kale wa Malindi, msichana wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyokosa kitu. Mwanzoni tulikuwa na kizungumkuti cha kuamkiana, yeye akitaka kuniheshimu kwa umri na mimi nikitaka kumheshimu kwa cheo. Tukapatana: mlangoni yeye anipe shikamoo, tukiingia darasani mimi nimwite mwalimu.

Mwezi wa sita kamati ya soko la Ganda ikatangaza kwamba inataka paa jipya la makuti juu ya ukumbi wa wauza mboga. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Habib mwenye duka la nafaka, alikuja chuoni mwenyewe. Alisema wanafunzi wachore paa hilo kama kazi yao ya mwisho wa muhula, bila malipo, na Nicholas naye alete mchoro wake. Kamati ingekaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kuchagua mmoja. Mwenye mchoro utakaochaguliwa, akiwa ni fundi wa makuti, ndiye angepewa kazi ya kuezeka na kulipwa kwa kuezeka.

Darasani kwetu fundi wa makuti alikuwa mmoja tu. Wenzangu walikuwa wakichora kwa ajili ya alama. Mimi kwangu ilikuwa ni ama nilipate paa lile, ama niuze ngazi za Masha na kurudi kushona makuti chini, tena nikimshonea Nicholas. Nilipoliwaza hilo sikupata usingizi.

Programu tuliyochorea ni ya kampuni ya ng'ambo. Chuo kilituwekea ile ya majaribio ya siku thelathini, na siku zikiisha hukubali kufungua mchoro lakini haikuruhusu kuugusa wala kuuchapisha. Bei yake kamili kwa mwaka ingetosha kununua ng'ombe wawili na ndama wao. Lakini mwanafunzi ana bei yake, na bei ya mwanafunzi ni chini ya nauli ya kwenda Mombasa na kurudi. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba kweli unasoma: upige picha barua ya chuo yenye jina lako, jina la chuo, sahihi, muhuri na tarehe ya mwaka huu, uitume, ungoje. Wakikukubali wanakutumia namba ndefu ya herufi na tarakimu ishirini na tano. Hiyo unaiingiza kwenye mashine yako kabla ya siku kumi na nne kupita, la sivyo inakufa. Wenyewe huita kuamilisha. Mimi husema kuwasha.

Nilituma barua yangu Jumatatu, Jumanne namba ikaja. Niliruka. Mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, niliruka katikati ya darasa mpaka kiti kikaanguka.

Kiponda, kiranja wetu, kijana mwenye maneno laini, akaniuliza, "Mama Nzai, na sisi je? Barua zetu ni za mwaka jana."

Sasa nieleze jinsi nilivyokosea, maana kosa lile asingelifanya mtu wa Nairobi. Sisi tuna mweria. Ukiwa na shamba la kulima, majirani wanakuja na majembe yao, mnalima, mnakula, kesho mnahamia kwa mwingine. Mtu aliyelelewa hivyo hafungii jembe ndani watu wakiwa mlangoni. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Nilichukua chaki nikaiandika ile namba ubaoni, kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa ili Joram, mwenye macho mabovu, aione vizuri akiwa nyuma. Mashine sita zikawaka. Tukapiga makofi.

Jumanne iliyofuata zikazimika zote. Yaani kompyuta zilikuwa zinafanya kazi, ila kwenye kila skrini palitokea maneno yale yale: leseni imesimamishwa, imetumika kwenye mashine nyingi kuliko idadi inayoruhusiwa. Paa langu nililiona pale pale mbele yangu, mwamba wake wa kileleni, kombamoyo zake zinazoshuka kutoka mwambani, kila fito mahali pake, na sikuweza kugusa hata mstari mmoja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufikia Jumamosi ya kamati.

Nilipiga meza. Nilimtukana mwenye kampuni, nikawatukana waliobuni kompyuta, nikawa karibu kumfikia Kiponda, ndipo Bi. Aaliya akaingia.

"Nani alowapa namba?" aliuliza.

Wale watoto walikuwa tayari kufa na siri ile. Ilinibidi niseme mwenyewe.

"Ni mimi, mwalimu. Niliiandika ubaoni."

"Ubaoni, Mama Nzai?"

"Kwa chaki."

Alikaa chini. Nilidhani atacheka, hakucheka. "Leseni si jembe," alisema. "Ni kama kitambulisho chako cha taifa. Waweza kumwazima jirani kitambulisho akapigie kura?"

"Hapana."

"Basi ndivyo. Hiyo namba ni jina lako. Mashine mbili zako wewe, ya chuoni na ya nyumbani, ndio mwisho wake. Umesoma masharti?"

Sikuwa nimesoma. Nani husoma masharti? Mtu hubonyeza "nakubali" akaendelea na maisha yake. Bi. Aaliya akavuta kiti karibu na changu, akayafungua yale masharti tangu mwanzo, na mchana ule wote tuliyasoma yeye na mimi. Yalikuwa vipengele arobaini na tatu. Yeye alisoma, akanieleza kwa Kiswahili, nami nikaandika kwenye daftari. Kufikia kipengele cha ishirini hasira yangu ilikuwa imeisha, nikabaki na aibu, kwa maana kila kitu kilikuwa kimeandikwa wazi. Leseni moja kwa mtu mmoja. Umri haujalishi. Chuo kiwe kinatambuliwa na serikali ya nchi yako. Leseni ni ya mwaka, na unaweza kuiomba upya ilmradi bado unasoma. Na kipengele cha thelathini na moja: usifanye nayo kazi ya malipo.

Hapo nilimsimamisha. "Kazi ya malipo ni ipi? Paa la soko nalo?"

"Hilo sijui kwa yakini," alisema. "Tuwaulize."

Tuliiandikia kampuni barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba msamaha na kuuliza tufanyeje ili leseni ifunguliwe. Ya pili iliuliza lile la paa, kwa ukamilifu, bila kuficha kitu. Majibu yalikuja kesho yake asubuhi. Lile la paa nililichapisha nikalikunja nikalitia mkobani. Lile jingine Bi. Aaliya alitusomea darasani: leseni ya Nelly itafunguliwa pindi zile mashine tano za ziada zitakapoondolewa programu kabisa, au zitakapopata kila moja leseni yake halali.

Kiponda alisimama. "Tuondoleeni sisi," alisema. "Kazi zetu zitapotea, si kitu, tutarudia muhula. Mwenye shida hapa ni Mama Nzai."

Na wale wengine wanne wakaitikia kwa kichwa. Joram, ambaye mchoro wake ulikuwa umemchukua wiki mbili, aliitikia wa kwanza. Nilihisi machozi yanapanda, na kwa kuwa sipendi kulia mbele ya watu, nikakasirika.

"Nyamazeni!" niliwaambia. "Kaeni! Hivi nyinyi mweria mwaujua au mwausikia tu? Mweria si watu sita kulima shamba moja, wakivuna mmoja tu. Ni watu sita kulima mashamba sita, moja baada ya jingine, na halali mtu mpaka la mwisho limalizwe. Mimi nilikosea. Nilichukua shamba langu nikawaambia nyote mpande humo humo. Sasa tutakwenda shamba kwa shamba. Kila mtu na barua yake, kila mtu na namba yake."

"Barua zenyewe ni za mwaka jana," Kiponda alikumbusha.

"Basi tutapata za mwaka huu."

Lakini barua za chuo hutiwa sahihi na muhuri na msajili wetu, Bi. Idah, na Bi. Idah alikuwa matangani. Ami yake alikuwa amefariki kule Mnarani, na mtu hajui lini atarudi. Mkuu wa chuo alitafuta muhuri ofisini hadi chini ya zulia, hakuuona. Bi. Aaliya alituandalia barua tano kwenye karatasi za chuo, majina sahihi, muhula sahihi, tarehe ya wiki ile, zikakosa kitu kimoja tu.

Sikupiga simu. Mtu aliyefiwa humpigii simu kumwomba muhuri. Alhamisi alfajiri tuliondoka sote sita tukaenda Mnarani, tukafika kabla jua halijawa kali. Niliwaonya njiani: mtu asitaje barua. Tulisalimia wazee, tukatoa rambirambi, tukatoa pole. Kiponda na wenzake wakachukua mashoka wakaenda kupasua kuni. Hannah, msichana pekee kati yao, akaingia kwenye zamu ya kuchota maji. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye masufuria, nikafunga leso kiunoni nikasugua. Ami yule sikumjua, ila nilisikia alikuwa mkwezi hodari na mtu wa mzaha, na wanawake pale jikoni walinisimulia visa vyake mpaka nikamlilia kwa dhati.

Adhuhuri ilipopita na watu kula, Bi. Idah alikuja akasimama mbele yangu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Nzai, mimi nakujua," alisema. "Hukuja hadi Mnarani kusugua masufuria."

"Nimekuja kukupa pole, mwenzangu. Hilo lingine laweza kungoja."

"Laweza kungoja mpaka lini?"

Nikasema kweli. "Si zaidi ya leo."

Alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba, akaziba mdomo kwa upande wa leso, na shangazi yake akamgeukia. Kisha akafungua mkoba wake akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Ulikuwa muhuri.

"Siuachi ofisini," alisema. "Ofisi ile ina panya wa miguu minne na panya wa miguu miwili. Leteni barua."

Alikaa mkekani, akageuza ungo, akaziweka barua juu yake. Hakutia sahihi ovyo. Alimwita kila mmoja, akamuuliza jina kamili na namba ya usajili, akalinganisha na yaliyoandikwa, ndipo akapiga muhuri. Joram alipokosea tarakimu moja ya namba yake kwa woga alimrudisha nyuma ya foleni kama wako ofisini. Muhuri wa tano ulipogonga karatasi nilimkumbatia, naye akanikumbatia, tukalia kidogo kwa ajili ya ami na kidogo kwa ajili ya mengine.

Tangu Ijumaa ile tulilima. Tulikuwa na mashine moja tu yenye mtandao wa kuaminika, tukaizunguka sote. Tulianza na Kiponda: barua ikapigwa picha, Hannah akiishika pembe zisikunjike, Joram akisoma kwa sauti kila kilichojazwa, mimi nikikagua tarehe. Dakika ishirini, akakubaliwa. Namba yake ilipokuja tuligeuza nyuso sote isipokuwa yeye, tukamwachia aingize mwenyewe. Hakuna aliyetuagiza. Tulifanya hivyo kwa adabu, vile mtu anavyogeuka mwenziwe akihesabu pesa.

Jumatatu tukamaliza wa pili na wa tatu. Hannah hakuwa na barua pepe, tukamfungulia, na kampuni ikachukua siku nzima kumjibu. Joram akakataliwa. Nilijisikia kuinua kompyuta niitupe dirishani, ila Bi. Aaliya akatuonyesha: picha ilikuwa imekata ukingo wa muhuri. Tukapiga nyingine, pana, hata vidole vya Kiponda vikaonekana. Jumatano yote hatukupata jibu. Alhamisi saa tano asubuhi namba ya Joram ikaja, akaiingiza, mashine yake ikawaka, na kwenye mashine yangu, bila mtu kuigusa, maneno yale ya kusimamishwa yakatoweka. Niligusa mstari mmoja wa kombamoyo. Ukasogea. Sijui kama nilipiga kelele, ila wa karakana ya mabomba walikuja mbio kuuliza nani ameumia.

Nilichora hadi chuo kilipofungwa jioni, nikarudi Ijumaa asubuhi nikamalizia, nikachapisha. Kona ya chini ya karatasi programu ilijiandikia yenyewe: toleo la mwanafunzi, haliruhusiwi kwa kazi ya malipo. Bi. Aaliya aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaupa alama tisini na mbili. Nane alizokata alisema ni za chaki.

Jumamosi soko lilijaa. Wauza mboga walikuwa wamesukuma meza zao pembeni, na kamati ya watu saba ilikaa mbele, Bwana Habib katikati. Mchoro wa Nicholas ulikuwa wa rangi. Ulikuwa na miti, na watu wazuri wasiofanana na yeyote wa Ganda wakitembea chini ya paa. Wangu ulikuwa mweusi na mweupe, mistari na vipimo. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Wa Nicholas wapendeza," na roho ikanishuka.

Bwana Habib akatuuliza kila mmoja aeleze paa lake. Nicholas alieleza vizuri, sikatai. Zamu yangu ilipofika niliuliza jambo moja. "Nicholas, mwinamo wa paa lako ni digrii ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Hilo ni paa la mabati," nilisema. "Mhandisi wako hajawahi kulala chini ya makuti. Maji hayatateremka, yatakaa, na masika ya pili hawa akina mama watauza mchicha kwenye mvua. Langu lina arobaini na tano, na pale juu nimeacha pumzi ya upepo. Masha alikufundisha hivyo nawe ukiwa umeshika ngazi. Umesahau?"

Akina mama wakaanza kunong'ona. Nicholas aliinama juu ya mchoro wangu kutafuta kasoro, na nikaona uso wake ukichangamka. Alikuwa ameona yale maneno ya chini.

"Bwana mwenyekiti," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa soko, "someni hapa. Toleo la mwanafunzi. Haliruhusiwi kwa kazi ya malipo. Mchoro huu ni haramu. Kamati ikijengea paa mchoro huu, kampuni itawashtaki nyote saba."

Wawili katika kamati waliondoa mikono yao juu ya karatasi yangu. Hasira ilinipanda, nami naijua hasira yangu, huanza mikononi. Niliikunja ile mikono, nikafungua mkoba, nikatoa jibu la kampuni nikampa Bi. Aaliya. Nilitaka lisomwe kwa sauti yake, si yangu.

Alisoma taratibu. Mwanafunzi anaruhusiwa kuchora kwa ajili ya masomo yake, kuonyesha kazi hiyo, na kuitoa bure kwa jamii yake. Haruhusiwi kuuza mchoro wala kuchora kwa ujira. Kazi ya mikono ya kujenga au kuezeka haihusiani na leseni hii.

"Bwana Habib," niliuliza, "mwanilipa chochote kwa kuchora?"

"La. Hata shilingi. Tulisema tangu mwanzo, mchoro ni kazi ya chuo."

"Mtamlipa fundi kwa nini?"

"Kwa kuezeka."

"Basi mchoro ni wenu, chukueni, umeshapewa alama. Na leseni ya kuezeka sikupewa na mtu wa ng'ambo. Nilipewa na Masha, juu ya paa, na haina mwaka wa kuisha."

Mama mmoja muuza bamia alipiga kigelegele, na kikapokewa kutoka meza hadi meza. Bwana Habib alijaribu kuwanyamazisha, halafu akaacha. Kamati ilipiga kura kwa kuinua mikono. Mikono sita ilikuwa yangu, na wa saba, ambaye ni shemeji ya Nicholas, alijikuna kichwa kwa mkono ule ule ambao angeweza kuuinua. Kiponda na Joram walinibeba juu juu. Niliwaamuru waniteremshe, hawakusikia, na kwa mara hiyo moja sikukasirika. Mafundi wangu wawili walikuwa wamesimama karibu na lango, wakicheka kwa meno yote, na nilipowatazama nikajua ngazi hazitauzwa.

Watu walipotawanyika Nicholas alinifuata. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la soko. Alisimama kando kidogo, akakohoa.

"Mama Nzai, nina kazi Mnarani. Nyumba ya wageni, paa kubwa, na mwenyewe ameukataa mchoro wa mhandisi. Asema hauna akili ya makuti." Akataja kiasi atakachonilipa nikimchorea. Kilikuwa kikubwa kuliko nilichopata mwaka mzima uliopita, akakirudia mara ya pili akidhani sikusikia.

Nilimjibu kweli tupu: siruhusiwi, mimi ni mwanafunzi hadi Desemba. Sijapata kukataa pesa kwa raha kama siku ile.